Safari Isiyo na Msiba

Katika nyumba nyingi za Kariakoo na Ilala mna desturi moja ambayo sote twaijua. Simu hulia usiku wa manane, sauti husema kwamba fulani amefariki huko milimani, na kabla ya adhana ya Alfajiri jamaa wamekwisha changa fedha, wamekodi basi dogo, nao wamo njiani. Hufika, huzika, huomba dua, hula chakula cha waombolezaji, na jua likipinda hupanda basi lao kurejea mjini, kwani kesho ni siku ya kazi. Vijana waliozaliwa mjini wakiulizwa habari za kwao, hujibu kwa kutaja makaburi. Wamekwenda mara tatu au nne, na kila mara walichokiona ni shimo la udongo mwekundu, watu wengi wasiowajua, na barabara usiku.

Juni ya mwaka 2024, siku chache baada ya Idi ya Kuchinja, shule zilipokuwa zimefungwa, mimi na mke wangu na watoto wetu watatu, pamoja na shemeji yangu mwenye gari, tulipatana kwenda Usambara pasipo kufiwa na mtu. Tulikusudia kwenda polepole, tukiingia nyumba baada ya nyumba, na kulala popote patakapotukuta usiku. Marehemu mama yangu alikuwa mtu wa Mlalo. Huko angaliko ndugu yake mwanamume, ambaye ni mjomba wangu, na dada yake mkubwa, ambaye ndiye mama yetu aliyebaki.

Tulianzia Feri, wala si kwa sababu ya njia, maana Feri iko baharini na sisi twaelekea milimani. Tulikwenda kutafuta zawadi. Mtu wa pwani akifika kwa jamaa zake wa bara mikono mitupu huona haya, na kitu ambacho mlima hauna ni samaki wa bahari. Kwa msomaji asiyeijua Dar es Salaam, Feri ni pale kwenye mlango wa bandari, wanapovukia watu kwenda Kigamboni kwa pantoni. Daraja la Nyerere lilifunguliwa mwaka 2016 upande wa Kurasini, na wako waliodhani kwamba pantoni zitakosa watu, hazikukosa. Mwaka huo huo mabasi ya mwendokasi yakaanza kuleta watu toka Kimara mpaka Kivukoni, hatua chache tu kutoka soko la samaki, na msongamano wa asubuhi ukazidi.

Jua lilikuwa halijachomoza, lakini mashua na ngalawa zilikwisha fika, na mnada ulikuwa ukipigwa kwa sauti ambazo mgeni angedhani ni ugomvi. Mke wangu alichagua changu na vibua yeye mwenyewe. Aliisikiliza bei bila kuijibu, jambo ambalo wachuuzi wa Feri huliogopa kuliko matusi. Samaki wakaparuliwa magamba palepale, kisha wakapelekwa kwa wakaangaji wenye makarai makubwa juu ya moto wa kuni, maana samaki aliyekaangwa akakauka huvumilia safari, na baridi ya mlimani humhifadhi. Tukaongeza papa mkavu kwa ajili ya mama mkubwa. Harufu yake ilitusindikiza mpaka Lushoto, na binti yangu mdogo alisafiri amefunga pua kwa ushungi tangu Kibaha.

Tulipopita Kariakoo tulikuta malori ya mboga yanateremsha mizigo. Kariakoo, ambayo jina lake limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ina soko kubwa lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Jengo hilo liliungua Julai 2021, lakini biashara ya mitaani haikulala hata siku moja. Kabichi, karoti, viazi na pilipili hoho zilizokuwa zikiteremshwa zilitoka Lushoto. Shemeji yangu akapunguza mwendo, akasema, “Kabichi za kwenu zaja kila usiku kutuamkia. Ninyi mwaenda lini kuitikia?” Sikumjibu, kwa kuwa tulikuwa tayari twaenda.

Barabara ya Morogoro mpaka Chalinze msomaji naiijua au ataijua. Ni magari tu. Ukiingia kulia pale Chalinze kuelekea kaskazini, mambo hubadilika. Nchi hukunjuka, hewa huwa pana, na baada ya kuvuka mto Wami huanza vilima vyenye miti mifupi. Masika ya mwaka ule yalikuwa makubwa, kwa hiyo majani yalikuwa bado mabichi mpaka ukingoni mwa lami. Pale Segera barabara hugawanyika, mkono wa kulia ukaenda Tanga, na wa kushoto ukaenda Korogwe na Moshi. Hapo tulisimama tukanunua machungwa, tukala tumeegemea gari. Hakuna aliyetuharakisha, na watoto walishangaa, kwani safari zote walizozijua zilikuwa za kufukuzana na saa ya kuzika.

Karibu na Korogwe mashamba ya mkonge huonekana yamepangwa mistari kama safu za watu wanaosali. Mmea huu si wa kwetu. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 mwaka 1893, na iliyofika hai ni 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakaenea mashamba yaliyoijaza nchi ya Tanga, yakaleta vibarua kutoka kila pembe ya Tanganyika na hata nje yake. Baba wa rafiki yangu ambaye tulilala kwake Korogwe alikuwa mmoja wao. Alikuja kukata mkonge akiwa kijana, akaoa, akasilimu, wala hakurudi tena kwao. Rafiki yangu huyu nilisoma naye, naye sasa ni mwalimu.

Tulipobisha hodi kwake ndipo lilipoanza jambo ambalo lingetufuata safari nzima. Alifungua mlango, akatuona sote sita na mizigo yetu, akaweka mkono kichwani. “Inna lillahi,” akasema. “Ni nani?”

Nikamwambia kwamba hapana mtu. Akauliza tena kama twamficha. Mkewe akatoka jikoni anafuta mikono, uso umembadilika. Ilitupasa kuapa ndipo wakatukaribisha ndani, na hata baada ya chai niliona anamtazama mke wangu mara kwa mara, kama mtu anayengoja habari iliyocheleweshwa kwa heshima. Jioni tulikwenda msikitini kwake. Sisi wasafiri tulikuwa na ruhusa ya kufupisha, lakini kwa kuwa tulisali Isha nyuma ya imamu mkaazi tulitimiza rakaa nne, na mwanangu wa kiume akapata somo la fikihi bila kufungua kitabu. Usiku ule mwalimu alitutajia ile hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, yenye maana kwamba muunga udugu wa kweli si yule anayelipa wema kwa wema, bali ni yule ambaye jamaa wakimkata yeye huwaunga. “Sisi siku hizi,” akasema, “hatukatani wala hatuungani. Twatumiana.”

Alikusudia fedha za simu. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, mtoto aliye Kariakoo aweza kumlisha mama yake aliye mlimani bila kuonana naye mwaka mzima, na mama akala akashiba. Ni neema kubwa, wala sitaki mtu anielewe kwamba nailaumu. Kabla ya hapo fedha zilipitia kwa makondakta wa mabasi, na nyingine hazikufika.

Siku ya pili tulishika njia ya Mombo. Reli ya Tanga ilifika hapo mwaka 1905, na kwa muda Mombo ilikuwa ndio mlango wa Usambara. Kutoka hapo barabara hupanda kwa kona zisizohesabika, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili, ukilisikia jina la Mola midomoni mwa abiria hata wale wasio na kawaida ya kulitaja. Maporomoko ya Soni yako kando ya njia. Baridi ilianza hapo, na masweta yakatolewa.

Upande huo wa Soni ndiko iliko Vuga, makao ya wafalme wa Kilindi. Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, alitawala kutoka hapo mpaka karibu na bahari, na Krapf, padre Mjerumani, alimtembelea mara mbili, mwaka 1848 na 1852. Mwanawe Semboja aliteremka akakaa Mazinde, kwenye njia ya misafara, na alikuwa Mwislamu. Mwandishi aliyemtumikia Semboja, Abdallah bin Hemedi, ametuachia kitabu kwa Kiswahili, Habari za Wakilindi, ambacho East African Literature Bureau ilikitoa upya mwaka 1962. Nawasihi vijana wakitafute. Mwanzo wake ni kisa cha Mbega, mwindaji wa Nguu, ambaye jamaa zake walimnyima urithi kwa sababu ya itikadi juu ya meno yake ya utotoni, wakataka na kumwua, akatoroka. Alipofika Usambara aliwapa watu nyama ya mawindo yake, wakampenda, wakamfanya mkuu wao. Nyama yenyewe ilikuwa ya nguruwe mwitu, na msomaji wetu atatabasamu; lakini watoto wangu walipolisikia lile la mtu kunyimwa urithi na ndugu zake, walitazamana. Walijua sehemu ya shughuli iliyokuwa ikitupeleka Mlalo.

Shughuli hiyo ilikuwa hivi. Babu yangu mzaa mama alipofariki aliacha shamba, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Bibi alikwisha mtangulia. Kwa desturi ya zamani ya mlimani shamba hushikwa na wanaume, na binti huhesabiwa kwamba atakula kwa mumewe. Kwa sheria yetu, kama wasomaji wajuavyo, mwanamume hupata mafungu mawili na kila binti fungu moja. Yaani shamba lile ni mafungu manne, mjomba mawili, mama mkubwa moja, na mama yangu moja. Halikugawanywa. Mjomba alilima, kisha mwanawe akalima, nasi tukakua mjini tukila karoti zake kwa kununua sokoni. Kwa miaka miwili mjomba alikuwa akinipigia simu, akiniamkia, akiniuliza habari za watoto, kisha akinyamaza kidogo na kusema, “Liko neno, ila halisemwi kwa simu.”

Tulilala Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmsthal kwa jina la mfalme wao, kwa shangazi ya shemeji. Yeye naye alitupokea kwa kuuliza aliyekufa ni nani. Alituandalia viazi, maharage na pea za uani kwake, akatupa na mablanketi manne, lakini kwa wenye damu ya Kariakoo hayakutosha.

Asubuhi tuliupita msitu wa Magamba. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye vioo. Mbega wenye manyoya meusi na meupe walikuwa juu ya miti, wakitutazama kwa utulivu wa wazee wa baraza, na shemeji alizima gari bila kuombwa, tukakaa kimya robo saa nzima. Kisha lami ikaisha, na njia ikaanza kuzunguka vilima vilivyolimwa mpaka kileleni. Mtu wa pwani huuliza: wanasimamaje? Wanalima miteremko ambayo mimi nisingethubutu kuipanda bila fimbo. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha Mlalo mpango wa kuwalazimisha watu kujenga matuta ya kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, ikawaangukia zaidi wanawake, na watu wakaipinga mpaka mpango ukaachwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Mama mkubwa alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Hakumbuki wakubwa wa serikali. Akumbuka mgongo wa mama yake.

Mlalo yakaa bondeni kama ndani ya bakuli, nyumba zake za udongo, nyingine za ghorofa, zikiwa na roshani za mbao. Tulifika kabla ya Adhuhuri. Mama mkubwa alikuwa ameketi kibarazani anachambua maharage. Alipoliona gari lenye namba za mjini na watu wanateremka, mke wangu akiwa amejitanda khanga, aliinuka, ungo ukamwagika, akaanza kulia kwa sauti. Nilimkimbilia nikimwita. Hakusikia. Mtoto wa jirani alikwisha toka mbio kupeleka habari.

Ilichukua muda kumtuliza. “Nani tena?” alikuwa akiuliza, akitaja majina ya wanawe wawili walioko mjini, mmoja baada ya mwingine, na kwa kila jina nikimjibu kwamba yu mzima. Nikampigia simu wa kwanza, nikampa amsikie. Nikampigia wa pili. Alipoisikia sauti ya pili alikaa chini, akanyamaza, kisha akanipiga bega kwa mkono wake mkavu. “Basi mmefuata nini?” akauliza.

“Tumekuja kukuamkia, mama.”

“Kuniamkia tu?”

“Kukuamkia tu.”

Alikitazama kikapu cha samaki, akawatazama watoto, akacheka huku machozi yangali yanateremka. Lakini majirani walikwisha anza kuingia. Wa kwanza alikuja na mzigo wa kuni kichwani, wa pili na unga, wa tatu na mikeka miwili; wanaume wawili walisimama njiani wakiuliza kaburi lichimbwe wapi. Hivyo ndivyo watu wa kule walivyo, wala hawangoji kuitwa. Mama mkubwa alisimama mlangoni akawatangazia kwa Kisambaa, na kicheko kikaanzia kwa wanawake kikaenea mpaka barabarani. Nilidhani watarudi na vitu vyao. Hakurudi mtu. Kuni ziliwashwa, mahindi na maharage yakatiwa chunguni yakawa makande, mboga ya mchunga ikachumwa, na samaki wa Feri waligawanywa vipande vidogo vidogo ili kila mtu aonje bahari. Watu wazima waliokuwapo walinieleza kwamba hawakumbuki lini watu wa Dar es Salaam walifika na mikeka ikatandikwa pasipo maiti.

Binti yangu mkubwa alijifunza kuamkia “onga mshi”, akaizoea hata akawa anawaamkia na kuku. Wasichana wa rika lake wakamchukua mtoni. Usiku, moto ukiwaka, mama mkubwa alimketisha mwanangu wa kiume karibu naye akamtajia nasaba yake upande huo, mtu baada ya mtu, akimtaka arudie. Alipokosea alimrudisha mwanzo. Alifika kizazi cha saba, kisha akasinzia.

Mjomba hakulisema neno lake siku ya kwanza wala ya pili. Alitutembeza, akatulisha, akamwuliza shemeji habari za injini. Siku ya tatu baada ya Alfajiri alikuja na sheikh wa msikiti wao, na binamu yangu mwenye kulima, na kamba. Tukashuka shambani umande ungali mzito. Umri wake umekwenda, na aliteremka kwa kunishika mkono. Akasema mbele ya wote kwamba haki ya dada zake imekaa shingoni mwake miaka mingi, na kwamba hapendi kukutana na Mola wake nayo. Sheikh akahesabu mafungu manne. Wakapima kwa kamba, wakapanda masale mipakani, na mama mkubwa, aliyekuwa amebebewa kigoda mpaka ukingoni mwa shamba, akausahihisha mpaka mmoja kwa kumbukumbu yake ya mti uliokwisha katwa zamani. Hakuna aliyembishia.

Mimi nilikuwa nikimtazama binamu yangu. Fungu la mama yetu lilikuwa na karoti zake, za wiki tatu au nne hivi, na robo ya shamba si kitu kidogo kwa mwenye watoto watano. Hakusema neno. Alishika kamba alipoambiwa ashike. Jioni tukaketi wawili tu. Nikamweleza kwamba kwa upande wangu na dada zangu, niliozungumza nao kwa simu mchana, alime kama alivyokuwa akilima, na baada ya kila mavuno tupatane kiasi, iandikwe, sheikh na mjomba washuhudie. Ndugu yetu mkubwa angali na rai yake kwamba fungu liuzwe, naye ana haki ya kusikilizwa. Binamu alifikiri kitambo, akauliza, “Akitaka kuuza, mtaniuzia mimi kwanza?” Nikamwambia neno hilo nalo liandikwe. Liliandikwa.

Nimekuwa nikijiuliza jinsi jambo hili lingekwenda kama mjomba angefariki kabla yake. Tungekuja usiku na basi la kukodi, tungezika, na kati ya kuzika na kupanda basi labda mmoja wetu angelitaja shamba, mbele ya watu wenye huzuni ambao hatuwajui vizuri wala hawatujui. Nyumba ngapi zimevunjika hivyo? Wasomaji wazijua za kwao.

Tulikaa siku mbili zaidi, kwani mama mkubwa alizificha funguo za gari. Siku ya kuondoka alitufungia plamu, viazi, na gunia la karoti ambalo binamu alilibeba mwenyewe mpaka garini. Ile mikeka miwili ya jirani ilikuwa ingali kibarazani. Nilitaka kuirudisha, akanizuia. “Iache,” akasema. “Mwenyewe amesema ikae hapa mpaka Desemba, shule zikifungwa.”